Uzoefu wangu: waliniuzia FreeBSD wakaifuta majina ya wenyewe

Kama kampuni ya kompyuta imekufuata dukani kukuuzia boksi la kugawia intaneti kwa vocha, na kwenye ankara wameandika "leseni ya mfumo endeshi, mwaka mmoja", yaani leseni ya programu kuu inayoliendesha boksi, usitoe hela kabla hujasoma haya. Jina lao silitaji. Waliowahi kusimama mbele ya kaunta yao watawatambua.

Nina steshenari Nyegezi, hapa Mwanza, njia ya kwenda Malimbe, kwa hiyo wateja wangu wengi ni wanachuo. Natoa kopi, naprinti, nabaindi ripoti, na upande wa ndani nina kompyuta za kulipia pamoja na waifai ya vocha. Boksi lenyewe silisingizii. Tangu wanifungie lilikuwa linapiga kazi. Umeme ukikatika na kurudi linajiwasha lenyewe na vocha zinaendelea, wala sikuwahi kumwita fundi eti limeganda. Mngeniuliza wakati ule ningewasifia mpaka mngechoka kunisikiliza.

Ikaja asubuhi moja ya msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu. Anayeujua msimu ule anaelewa: foleni inaanzia ndani inatokea barazani, kila mtu ana bahasha ya vyeti mkononi, na siku za maombi zinayoyoma. Mara skrini zote zikaleta maandishi mekundu: "Leseni ya mfumo imekwisha muda wake. Wasiliana na muuzaji." Basi. Hakuna ukurasa unaofunguka, na vocha ambazo watu walikwisha kuzilipia nazo zimekufa palepale. Nikaanza kuwarudishia vijana wa watu hela zao. Kulikuwa na binti aliyetoka Sengerema kwa ajili hiyo tu, amevuka na kivuko cha Kamanga tangu asubuhi na mapema, akaondoka kwangu analia. Nikiukumbuka uso wake hasira inanipanda upya. Wangeweza kunipigia simu wiki moja kabla. Wangeweza hata kutuma ujumbe mfupi. Walichagua kunifungia duka mbele ya wateja.

Simu haipokelewi. Nikamwachia msaidizi duka, nikapanda daladala mpaka mjini. Kwenye kaunta nikamkuta kijana wa rika la mwanangu wa mwisho. Hakuna shikamoo, hakuna karibu, macho yako kwenye simu. Nikamweleza shida yangu taratibu. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mama, mfumo ni wetu, tumeutengeneza sisi. Hiyo ni leseni ya kimataifa, ikiisha imeisha. Lipa laki nne tukufungulie." Nikasema sawa, basi naomba niione hiyo leseni, nisome nilichokubali. "Hiyo ni siri ya kampuni. Wewe mama baki na kopi zako, haya mambo yatakuchanganya bure."

Mbele za watu! Kuna baba mmoja aliyekuwa amekaa pale akainamisha uso kwa aibu, na aibu hiyo haikuwa yake. Nimefanya biashara katika mji huu tangu watu wanapigiwa barua kwa taipureta. Nimekopwa sikulipwa, nimeibiwa, nimegombana na wenye nyumba. Lakini kuambiwa na mtoto asiyejua kusalimia kwamba nibaki na kopi zangu, hapana. Laki nne nilikuwa nayo kwenye pochi. Nikageuka nikaondoka nayo.

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta, akaja jioni. "Mama mkubwa, usilipe kwanza, tuliangalie ndani." Akachomeka skrini na kibodi, akaliwasha, akalikatiza kwenye menyu ya mwanzo na kuingia kwa hali ya mtumiaji mmoja, ambayo kwenye boksi hili haikuuliza nywila. Akaandika amri moja, uname, ya kuuliza jina la mfumo. Jibu likaja: FreeBSD.

Mfumo ni wetu, tumeutengeneza sisi!

Kwa wasioifahamu, FreeBSD ni mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, unatengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1993. Unapakuliwa bure na mtu yeyote. Leseni yake si siri ya mtu: ni aya fupi ambazo unazisoma kabla chai haijapoa. Inakuruhusu kutumia, kunakili, kubadilisha, hata kuuza. Haina mwaka wa kuisha. Haina ada. Masharti ni mawili, na yote mawili yanadai kitu kimoja: ukigawa msimbo, yaani maandishi ya programu kama alivyoyaandika mtengenezaji, liache tangazo la hakimiliki mahali pake, ukigawa programu iliyokwisha kutengenezwa, tangazo hilo liwemo kwenye maelezo au vitu vinavyoambatana nayo. Kisha inakutahadharisha kwamba unaupokea kama ulivyo, bila dhamana. Hayo tu.

Hapo ndipo nilipotaka kuandika kwamba wale ni wezi. Kijana wangu, yule mtoto wa dada, akanizuia, na baada ya kusoma mwenyewe nikaona ana hoja. Kuuza si wizi. Hata Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, ambako ulizaliwa BSD, mfumo ulioizaa FreeBSD, mwaka 1989 kilipotoa sehemu ya mtandao ya mfumo wake kwa leseni huru, kilitoza dola 1,000 kwa kanda moja, na taasisi mamia zikalipa, ingawa yeyote aliyekuwa nayo aliruhusiwa kumnakilia mwenzake. Ule ukurasa wa vocha wameuandika wao, na kama wangeandika kwenye ankara "ada ya programu ya vocha na huduma ya fundi", ningewalipa na ningewaheshimu. Kwa hiyo neno wezi nililifuta.

Lakini tukaendelea kuangalia. FreeBSD ikiwaka kawaida, mistari ya mwanzo kabisa inataja mradi wa FreeBSD, halafu inaorodhesha miaka: 1979, 1980, 1983, 1986, 1988, 1989, 1991, 1992, 1993, 1994, na kumtaja mwenyewe, yaani bodi ya Chuo Kikuu cha California. Kijana alinionyesha kwenye kompyuta yake akitumia flashi. Tukarudi kwenye boksi langu. Mistari hiyo haipo! Mahali pake pana jina la kampuni yao na "haki zote zimehifadhiwa". Faili liitwalo COPYRIGHT, ambalo hukaa kwenye mzizi wa mfumo, limefutwa. Kwenye karatasi walizoniachia hakuna hata neno moja. Mtu alikaa chini, akafungua msimbo, akaondoa majina ya watu waliofanya kazi, akaweka lake, kisha akasahau kwamba uname itamsema.

Neno wezi nalirudisha.

Mwaloni pale Kirumba, kwenye soko la samaki, mitumbwi ina namba za usajili ubavuni. Ukinunua dagaa wa mtu ukaenda kuwauza Dar kwa bei unayotaka, hakuna wa kukudai. Ukikwangua namba ya mtumbwi wake ukapaka yako, hapo mtashikana mashati mbele ya soko zima.

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mistari ile ilipiganiwa mahakamani. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, mali ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. AT&T ilikuwa imebanwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani isiingie biashara ya kompyuta, kwa hiyo vyuo vikapewa Unix pamoja na msimbo wake kwa bei nafuu. Berkeley wakaichukua, wakaongeza vitu vyao: Bill Joy na wenzake, kisha mwaka 1983 toleo la 4.2BSD lenye TCP/IP, lugha ya mawasiliano ya intaneti, ndani yake. Kampuni kubwa ikavunjwa mwaka 1984, kizuizi cha biashara kikaondoka, leseni za Unix zikaanza kuwa ghali. Ndipo Keith Bostic wa Berkeley akawakusanya watu wa kujitolea waandike upya programu moja baada ya nyingine, wakitazama maelezo ya kazi yake tu, bila kugusa msimbo wa AT&T. Mwaka 1991 wakatoa karibu mfumo mzima ulio huru. Mwaka 1992 tawi la Unix la AT&T likaishtaki kampuni iliyouza mfumo uliotokana na kazi hiyo, kisha likakiunganisha chuo chenyewe kwenye kesi.

Na chuo kilijibu nini? Kilifungua kesi yake California, kikidai kwamba Unix ya AT&T, ile System V, imejaa msimbo wa Berkeley na haikukitaja chuo kama leseni ilivyodai. Jambo lilelile! Kampuni tajiri kuliko wale wa kaunta ilikuwa na kosa la aina moja na boksi langu la Nyegezi. Mwanzoni mwa mwaka 1994 wakapatana. Kati ya mafaili yapata 18,000, matatu tu yakaondolewa, mengine machache yakarekebishwa, na kama 70 yakaongezewa tangazo la hakimiliki la upande wa pili. Ugomvi ule mzito mwisho wake ukawa hivyo, majina yawekwe panapostahili. FreeBSD nayo ikalazimika kujijenga upya juu ya msimbo uliosafishwa, na toleo la 2.0 likatoka Novemba mwaka huohuo.

Halafu mtu anakuja na kibodi yake anafuta, na mimi naambiwa nibaki na kopi zangu.

Kuna usiku nilikasirika mpaka nikaikasirikia leseni yenyewe. Nikamwambia kijana, hii ni leseni ya wapole mno. Linux, mfumo mwingine wa bure, ipo chini ya leseni iitwayo GPL, na GPL ingewalazimu hawa wanipe msimbo wa mfumo waliouchezea. Hii ya BSD inamruhusu mtu achukue, afunge mlango, aweke kufuli, akuuzie ufunguo kila mwaka. Akasema ndiyo, na kwa uhuru huohuo Apple wameuchukua msimbo wa FreeBSD kwenye mifumo yao, Sony wakaujengea PlayStation 4, Netflix wakauweka kwenye seva zao za kusambazia filamu. Waliuandika wakijua hilo na wakakubali. Bado sijaridhika. Netflix hawakumfukuza mteja wangu na vyeti vyake mkononi. Nafikiri leseni inayomwamini kila mtu inamwacha mnyonge mikononi mwa muuzaji, na hilo nitaendelea kulisema hata mtoto wa dada yangu akinibishia.

Ila pia, bila leseni hiyohiyo nisingekuwa na pa kukimbilia. Tulinunua diski nyingine, tukaweka FreeBSD safi juu ya boksi lilelile, ya bure, yenye majina yote. Diski yao nimeifunga kwenye bahasha, sijaigusa. Haikuwa kazi nyepesi. Kadi ya waifai iliyokuwamo ilikataa katakata, sijui wao waliichezeaje, upande huo FreeBSD bado iko nyuma, tena sana, na anayetaka waifai ya moja kwa moja ajue hivyo mapema. Tukavuta waya mpaka kwenye kifaa kingine cha kurusha waifai, ikatulia. Kitabu chake cha mwongozo ni kizuri kuliko karatasi yoyote niliyowahi kupewa na fundi. Vocha zetu za sasa hazina urembo, lakini zinafanya kazi, na hakuna tarehe iliyojificha ndani inayonisubiri nikiwa na foleni.

Juzi wale jamaa wametuma ujumbe kwamba watanipunguzia mpaka laki mbili. Nimewajibu kwamba sitaki punguzo. Nataka faili la COPYRIGHT lirudi kwenye kila boksi walilofunga hapa mjini, nataka ankara ziandikwe wanachouza kweli, na nataka yule kijana anipigie mwenyewe, aanze na shikamoo. Ujumbe umesomwa, hawajajibu.

FreeBSD naipa nyota nne, ya tano ningeitoa kama si ile waifai. Kampuni nilitaka kuiandikia sifuri. Ila fundi wao aliyekuja kuvuta nyaya alifanya kazi safi, aliondoa uchafu wake sakafuni na aliniamkia vizuri, na sidhani kama yeye ndiye aliyefuta majina. Nyota moja, na ni ya kwake.