U Heard ya Soudy Brown, kwa sisi tunaoisikiliza saluni

Nina saluni ya kusuka hapa Chikongola, Mtwara, huu mwaka wa kumi na moja. Redio haizimwi. Umeme ukikatika ipo ya betri, nimeitundika kwenye msumari wa dirishani, ndipo mahali pekee haikwaruzi. Kwa hiyo nikimpa Soudy Brown nyota nne, nampa kama mtu aliyemsikiliza miaka mingi rasta zikiwa mkononi.

Kwa asiyemjua, ndiye aliyejipatia jina la Gossip Cop pale Clouds FM, na U Heard ni kile kipande chake cha udaku ndani ya kipindi cha XXL, mchana. Akaja kuonekana na kwenye televisheni, kipindi cha Shilawadu, yeye na mwenzake Kwisa. Mimi wangu ni yule wa redioni. Kwenye televisheni macho yanakwenda kwenye nguo. Redioni unamsikia mtu anavyomeza mate kabla ya kujibu.

Zamani udaku ulitufikia kwa basi. Magazeti ya Dar, Ijumaa, Risasi, Amani, yakipita kwenye matope ya Ndundu hadi Somanga kabla ya lami, masika yalifika yamelowa na habari imeshapoa. Tena aliyeandikwa humsikii.

Soudy akaleta simu. Kuna maneno juu ya mtu, anampigia mwenyewe. Hapo saluni yangu hunyamaza. Nazima draya. Mteja ananishika mkono nisimvute nywele. Simu inaita mara moja, mara mbili, mara tatu. "Hapokei huyo!" Akipokea, wote tunainamia dirishani. Kuna anayecheka, kuna anayekuja juu, kuna anayekata. Lakini aliyesemwa na yeye kasema.

Nalithamini hilo kwa sababu yalinikuta. Nilikwenda Newala kumzika shangazi, nikakaa wiki mbili. Huku nyuma likaenea kwamba nimekimbia na hela za kikoba. Sanduku lilikuwa palepale kwa mweka hazina, funguo tatu kwa watu watatu, na mimi sikuwa hata mmoja wao. Simu yangu ilikuwa hewani siku zote hizo. Hakuna aliyenipigia. Niliporudi, wateja wangu wawili wa msimu wa korosho, wale wanaosuka mara tu malipo yakitoka, walishahamia kwingine. Mmoja hajarudi mpaka leo. Watu husema lisemwalo lipo. Langu halikuwepo.

Nyota moja nimeizuia, na hapa nausema udaku wote wa redio, si wa mtu mmoja. Ukimshtukiza mtu hewani hajibu, anajitetea tu. Apewe japo dakika tano akae sawa. Na habari ikigusa mtoto au mgonjwa, mimi napunguza sauti, hata mteja akilalamika.

Binti anayejifunza kusuka kwangu anaitaka sana kazi hiyo ya utangazaji, sauti anayo. Juzi kaingia anahema, ana habari ya mama mmoja wa Magomeni ya hapa Mtwara, ati kafukuzwa na mumewe usiku. Wateja watatu wakageuza shingo. Nikamuuliza, umemsikia mwenyewe? Akanyamaza. Namba ya yule mama ninayo, namsuka. Nikampa simu.

"Mpigie. Lakini kwanza toka nje, usimuulizie hapa mbele za watu."