Graniti ya jikoni: kahawia kwanza, nyeupe mwisho

Fundi alisimama jikoni kwangu na futi mkononi akauliza, "Mama, jiwe la juu ya kabati liwe la rangi gani?" Nikajibu kama wanavyojibu wengi: jeusi. Mwaka wa tano huu nafuta.

Jiwe lenyewe halina ubaya. Ubaya uko kwenye maji. Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na maji ya kisima hupenya kwenye chokaa kabla hayajafika bombani. Kila tone likikaukia juu ya jiwe jeusi linalong'aa huacha duara jeupe. Hapo kando ya sinki ndipo penye balaa: ukifuta kwa kitambaa kibichi unapanga maduara mapya. Ongeza unga wa chapati na vidole vya watoto vyenye mafuta ya nazi, na kama unakaa karibu na pwani, ile chumvi inayoletwa na upepo. Weusi ule hausitiri hata kimoja.

Kwa hiyo nimezipanga rangi kwa kinachomwagika jikoni kwetu: maji ya chokaa, manjano ya kupikia, tui. Taa za dukani hazikuambii haya. Dukani kila jiwe linapendeza.

Ya kwanza: kahawia yenye madoa. Inayouzwa sana kwa jina la Tan Brown inatoka India kusini. Ni nyeusi kwa chini, juu imejaa mabaka ya kahawia inayokaribia wekundu. Mchuzi ukidondoka huuoni, na alama za maji zinapotelea katikati ya mabaka. Haihitaji kubembelezwa, na kwa kabati za mbao nyekundunyekundu kama mninga inakaa kama imezaliwa nazo. Kasoro yake ni hiyo hiyo sifa yake: sisimizi wanaweza kupita foleni nzima kuelekea kopo la sukari na wewe umesimama hapo hapo huwaoni. Futa hata kama unaona pasafi.

Ya pili: kijani kibichi cha Ubatuba. Hii ya Brazil, imepewa jina la mji wa pwani ya huko. Ni kijani kilichokolea kiasi cha kudanganya macho, chenye vipande vya rangi ya dhahabu. Inataka mwanga. Jiko lako likiwa na dirisha kubwa upande wa asubuhi utaifaidi. Bila hivyo umenunua kijani na unaishi na nyeusi. Hata hivyo inaficha chokaa kuliko nyeusi yenyewe, kwa sababu ya zile chembechembe.

Ya tatu: rangi ya mchanga. Santa Cecilia, nayo ya Brazil, ina unjano wa mchanga uliochanganyika na kijivu na vidoa vya rangi ya zabibu nyekundu. Kama unakaa Mji Mkongwe, kuta nene, madirisha madogo, jiko limejificha nyuma ya ngazi, basi kwako hii iwe ya kwanza na usinisikilize kwa hizo mbili za juu. Inarudisha mwanga, maji ya chokaa hayaonekani, na hata manjano yakibaki kidogo yanafanana na jiwe. Lakini mawe ya rangi hizi hunywa mafuta. Mpe fundi dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe kabla hujaanza kupika, na irudiwe kila maji yanapoanza kuzama badala ya kusimama juu kama shanga.

Ya nne: nyeusi. Siichukii, ninaishi nayo. Mawe meusi mengi yameshikana sana, hayanywi mafuta kirahisi, na hata manjano hayana pa kuonekana. Black Galaxy ya India, ile yenye nyota za dhahabu, ina afadhali kidogo kuliko nyeusi tupu. Ukiitaka nyeusi, uliza iliyosuguliwa bila kung'arishwa: alama za maji zinapungua, ingawa za mafuta zinaongezeka. Kwa jiko la uani linalopigwa na jua la saa saba, iache. Utaweka mkono uutoe mbio.

Halafu kuna nyeusi ya uongo. Wapo wanaolipaka rangi jiwe la kijivu. Nenda na pamba na asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, usugue pembeni pasipoonekana. Pamba ikitoka nyeusi, muage muuzaji kwa adabu.

Ya mwisho: nyeupe. Najua picha zinavyovutia. Jirani yangu aliweka, akaambiwa halishiki doa. Siku ya kwanza ya urojo, ule mchuzi wetu wenye manjano, bakuli moja likapinduka, akenda kufungua mlango, wageni, salamu, habari za nyumbani. Aliporudi manjano yalikuwa yameshaingia. Lile duara bado lipo, amelifunika kwa birika. Nyeupe ni ya mtu anayepika kidogo, au mwenye moyo wa kukimbilia kitambaa kila mara.

Nyekundu sijaiweka popote. Ukishaichagua, rangi ya ukuta na kabati imeshakuchagulia yenyewe.

Angalia pia usiuziwe marumaru kwa jina la graniti. Marumaru ni ndugu wa chokaa, na ndimu, siki na ukwaju huila ikabaki na baka lisilong'aa hata usugue vipi. Graniti hasa ni kwatzi na madini ya jamii ya feldispa, ndimu haiisumbui. Omba kipande cha mabaki, uende nacho nyumbani. Kamulia ndimu upande mmoja, upande wa pili weka tone la maji kwa robo saa, na mwisho manjano yaliyokorogwa kwenye tui, yalale usiku kucha. Ndimu ikiacha baka, si graniti. Maji yakiacha kivuli cheusi, jiwe linakunywa.

Ukishajua rangi, lione bamba zima nje, juani. Kipande cha kiganja hakikuonyeshi mshipa unaokata katikati. Kama unahitaji mabamba mawili, yawe yamekatwa kwenye mwamba mmoja, yasimamishwe pamoja uyalinganishe.

Uzito usiupuuze. Jiwe la sentimita 2 lina kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba. La sentimita 3 linafika 80. Kabati za mbao laini zitalalama. Kwa walioko Pemba, jiwe linalovuka kwenda Mkoani au Wete lisafiri limesimama kwa ubavu, lisilazwe. Likilazwa, mrusho mmoja wa gari unatosha kulipasua. Na tundu la sinki likatwe huko huko nyumbani, fundi akishapima kabati zikiwa zimefungwa, kwa sababu bamba lililotobolewa ndilo linalovunjika njiani.