Uzoefu wangu na vidonge vya methotreksati, dawa ya baridi yabisi, mwaka wa pili sasa

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Ugonjwa ulinianzia vidoleni, mikono yote miwili kwa pamoja. Nikiamka vimekaza, inapita saa nzima na zaidi sijaweza kufunga kifungo cha shati la mtoto, sembuse kutunga uzi kwenye sindano. Kila mtu aliniambia ni baridi tu. Nilichuliwa kwa mafuta, nikachomwa sindano za diklofenaki. Maumivu yakitulia siku mbili yanarudi, na tumbo likaanza kuniwaka moto. Mwaka mzima ukaishia hapo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu diklofenaki hutuliza maumivu lakini haizuii ugonjwa kula kiungo. Kidole changu kimoja kilipinda wakati ule, na hakijanyooka.

Baada ya vipimo vya damu na eksirei ya mikono, daktari alinieleza kuwa ni baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili wenyewe inashambulia viungo. Akanianzishia methotreksati, vidonge vitatu vya miligramu 2.5, akapandisha taratibu hadi sita. Ni mara moja kwa wiki. Mimi siku yangu ni Jumatano usiku, nikishakula.

Dawa hii haina haraka. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nilishikiliwa na prednisoloni kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe. Wiki ya kumi hivi niliamka, nikajifunga kanga, nikawa nimeshafika jikoni ndipo nikagundua vidole havikuuma. Nililia.

Maudhi yapo. Alhamisi nakuwa na kichefuchefu na uchovu, na nywele zimepungua kiasi. Vidonge vya foliki (aina ya vitamini) nilivyoandikiwa vimenisaidia sana, usiviache. Damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu, kwa hiyo weka nauli na hela ya vipimo kwenye hesabu zako. Pombe kaa nayo mbali. Na dada zangu mnaotarajia kuzaa, mwambieni daktari kabla ya kuanza, kwani inadhuru mtoto tumboni.

Ila kuna jambo lililonitisha. Duka moja la dawa liliwahi kuniandikia kwenye bahasha "6x1", yaani sita kila siku! Ningefuata yale maandishi ningetoka vidonda mdomoni, damu ingeshuka, ningeweza hata kufa. Nilirudi palepale, nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, hii ni ya wiki, siyo ya siku." Akaomba radhi, akabadilisha. Tangu hapo kila bahasha naandika mwenyewe kwa kalamu nene: JUMATANO TU.

Nyota nne kati ya tano. Mkasi mzito wa kukatia vitambaa vya suti bado unanishinda, anakata binti yangu. Kushona nashona mwenyewe.