Uzoefu wangu: miezi kumi na minne katika njiapanda mpya ya mtaani kwetu, Unguja

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikiitumia njiapanda iliyojengwa upya pembezoni mwa mji wetu hapa Unguja, baadhi ya siku nikiendesha gari, siku nyingine nikiwa ndani ya daladala, na mara nyingi zaidi kwa miguu, kwa sababu skuli ninayosomesha iko upande mmoja wa barabara na nyumba yetu iko upande wa pili. Nimeona niitathmini kama mtu anavyotathmini friji aliyoinunua, kwa kuwa njiapanda nayo imenunuliwa, na fedha iliyoinunua imetoka katika kodi zetu. Sizungumzii barabara za juu za Amani na Mwanakwerekwe, ambazo zina mjadala wake. Hii ninayoieleza ni ya ardhini.

Zamani mahali hapa palikuwa na kipilefti kidogo chenye majani na maua katikati, ambacho sote tulikilalamikia kwa foleni ya saa moja asubuhi. Kikaondolewa. Mahali pake zikawekwa taa za kuongozea magari, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, ukingo mrefu wa zege katikati ya barabara, na michepuko ya mviringo kwenye kila pembe ili anayekunja kushoto asilazimike kusimama. Anayetoka mtaani kwetu akitaka kwenda mjini, yaani kulia, haruhusiwi kukata barabara; hana budi akunje kushoto, aende hadi pale ukingo ulipoachwa wazi, kiasi cha mita mia saba mbele, ageuze gari kisha arudi alikotoka.

Mazuri yapo, na ni haki yasemwe. Lami imewekwa vizuri na haijafumuka hata baada ya masika. Usiku pana mwanga wa kutosha. Nilipompeleka mjomba wangu uwanja wa ndege saa kumi na moja alfajiri, tulipita pale bila kukanyaga breki, naye akasifu sana.

Lakini mjomba alikuwa akipita tu, na hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, kwa sababu wengi wetu tunaoitumia njiapanda hii hatupiti, tunafika. Tunakunja kwenda sokoni, kituo cha afya, skuli, msikitini, au tunateremka garini ili tupande gari ya kwenda shamba. Niliwahi kuishi Dar es Salaam na nikayatumia makutano ya Ubungo, yaliyofunguliwa Februari 2021, ambako Barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma zinapishana kwa ngazi tatu. Pale hesabu yake naielewa: lori lililobeba mzigo wa bandarini na kuelekea Morogoro, na mbele yake hadi Zambia au Kongo, halina haja yoyote Ubungo, na likipatiwa njia yake kila mtu anapata nafuu. Unguja ni kisiwa kisichozidi kilomita 90 kwa urefu, na hakuna lori linalokatiza kwetu likienda nchi nyingine. Safari zetu ni fupi, zinaanzia hapa na kuishia hapa, na zina kona nyingi. Aliyechora njiapanda hii alichora mahali pa kupita, akapaweka juu ya mahali pa kufika.

Matokeo yake nayaona kila asubuhi. Foleni iliyokuwa kwenye kipilefti haikuondoka, imehamia kwenye ule uwazi wa kugeuzia gari, kwa sababu magari yote ya mtaa wetu yanayotaka kwenda mjini yanakwenda kujipanga pale, yakingoja nafasi katikati ya magari yanayokuja kwa kasi kutoka upande wa shamba. Uwazi wenyewe unatosha gari mbili. Ya tatu mkia wake unabaki kwenye njia ya kulia na kuizuia. Madereva wa daladala hawana subira ya mita mia saba, hivyo baadhi yao hurudi kinyume kwenye mchepuko, na vijana wa bodaboda hupanda juu ya ukingo wa zege mahali walipoubomoa kidogo kidogo. Simtetei anayevunja sheria, ila njia inayowalazimisha watu wazunguke karibu kilomita moja na nusu ili wafike upande wa pili wa barabara itavunjwa kila siku, na mchoraji alipaswa kulitambua hilo kabla ya zege kumwagwa.

Kuhusu kipilefti, naomba nieleze jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria tulipokuwa tukikilaumu. Wahandisi wa barabara huhesabu sehemu ambazo njia za magari hukutana au kukatana: makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 za namna hiyo, na kipilefti chenye safu moja ya magari kina 8 tu. Taa hupunguza hatari ya zile 32 kwa kuwasimamisha baadhi ya watu wakati wengine wanakwenda, lakini taa zinahitaji umeme, na sisi umeme wetu unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Wenye umri wangu hawajasahau miezi ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja yote ilipokuwa gizani. Sisemi balaa lile litarudi kesho, ila hata umeme ukikatika kwa saa moja tu ya jioni, njiapanda yetu inageuka uwanja wa mabavu ambamo mwenye gari kubwa ndiye anayetangulia. Kipilefti hakikuhitaji waya wowote. Kingepanuliwa, kikawekewa vivuko vizuri kwenye kila mdomo wake, naamini kingetuhudumia kwa miaka mingi na kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa nije kwenye kutembea kwa miguu. Alama za pundamilia zipo, zimechorwa mbele ya taa, lakini ili uzifikie ni lazima kwanza uuvuke mchepuko, na mchepuko hauna taa wala alama, na gari haipunguzi mwendo kwa sababu umejengwa mahsusi ili asiwepo wa kusimama. Mwezi wa pili tangu ifunguliwe nilikuwa na mama yangu, aliyetimiza miaka sabini na mbili, tukitoka kupima presha. Akasimama ukingoni, mkono mmoja ameshika buibui lisipeperuke na mkono wa pili umenishika kifundo, akatazama kulia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, sisi wanatuvukisha wapi hapa?"

Nikamwonesha kile kisiwa kidogo cha zege baina ya mchepuko na barabara kubwa. Tulifika, na yeye akalazimika kupanda ukingo unaomfika karibu na goti, kwa kuwa hapakuachwa mteremko wa kupandia. Taa ya waendao kwa miguu ilipowaka nilitazama saa ya simu yangu: sekunde kumi na moja. Siku nyingine nimeipima barabara ile kwa hatua zangu na nikapata kama mita ishirini. Kipimo cha kawaida kinachotumiwa na wapangaji wa taa ni mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo hata mtu mzima asiye na maradhi anahitaji sekunde kumi na saba. Mama yangu alikuwa katikati ya njia ya pili taa ilipobadilika, na gari iliyokuwa mbele ikapiga honi. Tangu siku ile haendi tena kituo cha afya kwa miguu. Humsubiri mmoja wetu arudi kazini, na ikiwa hatukuwahi, hapimwi.

Mvua nayo ina habari yake. Barabara iliinuliwa juu kuliko maduka na nyumba zilizopakana nayo, na mdomo wa mtaro ukawekwa hatua chache kutoka mahali ambapo maji hutuama kwa kawaida, mahali ambapo mzee yeyote wa mtaa angewaonesha wajenzi iwapo angeulizwa. Masika yaliyopita mwenye duka la jirani alipanga mifuko ya mchanga mlangoni kwake, na wanafunzi wangu walifika darasani wameshika viatu mkononi.

Suala la nini kitangulie linaniuma zaidi kuliko ubaya wa mchoro. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012 na 893,169 katika ile ya 2022. Karibu watu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao wamejenga kwenye mitaa ambayo njia zake za ndani bado ni udongo na mawe. Hatua mia nne kutoka kwenye njiapanda hii yenye taa za kupendeza iko njia ya kuelekea kituo cha afya, ambayo wakati wa mvua gari ya wagonjwa haiingii. Mimi kwetu ni Pemba, na nakumbuka jinsi barabara ya zamani ya Chake Chake hadi Wete ilivyolalamikiwa kwa miaka mingi kwa mashimo yake, huku wajawazito wakisafirishwa humo. Ningepewa kuchagua, ningeanza na njia ya kituo cha afya, mitaro na vivuko, ndipo nifikirie michepuko ya mviringo.

Alama yangu kwa sasa ni mbili kati ya tano, zote kwa lami na mwanga. Nitaongeza ya tatu siku ambayo muda wa taa ya waendao kwa miguu utafika sekunde ishirini, kazi ambayo nimeelezwa na fundi kwamba haihitaji hata koleo, na kingo zikakatwa mteremko. Kwa watakaoitumia kabla ya hapo: mwenye gari anayekwenda mjini aondoke kabla ya saa moja kasorobo, kwa sababu baada ya hapo pa kugeuzia hujaa, na mwenye mtoto au mzazi anayetembea naye asivukie kwenye njiapanda yenyewe, ashuke kituo cha daladala kinachofuata, ambako barabara ni nyembamba na madereva bado wanasimama.