Diski ipi itunze kumbukumbu za miaka mingi? Tathmini kutoka Dodoma

Katika maduka ya vifaa vya kompyuta katikati ya Jiji la Dodoma, diski tupu zinazopatikana kwa urahisi ni DVD-R za boksi la hamsini, na wanunuzi wengi huzichagua kwa kutazama bei na jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Kwa video ya sherehe itakayotazamwa mwaka huu na mwakani hazina ubaya wowote. Lakini kwa sauti za wazee wanaosimulia historia ya ukoo kwa Chigogo, kwa ngoma ya muheme iliyorekodiwa kijijini, kwa picha za daftari za ubatizo na hati za viwanja, yaani vitu ambavyo vikipotea havirudi tena, DVD ya kawaida haifai kuwa kopi ya kutegemewa. Fedha ielekezwe kwenye diski ya Blu-ray aina ya BD-R, yaani ya kurekodia mara moja tu, na si kila BD-R.

Sababu imo ndani ya diski yenyewe. CD-R na DVD-R huhifadhi data katika tabaka la rangi ya kikaboni ambayo leza huibadilisha wakati wa kuchoma, yaani kuandika data kwenye diski, na rangi hiyo huendelea kubadilika polepole kwa mwanga, joto na unyevunyevu hata baada ya kazi kuisha. Juu yake kuna tabaka jembamba la madini linaloakisi mwanga, mara nyingi la fedha, ambalo huharibika iwapo hewa yenye salfa itapenya. Ndiyo maana viwanda kadhaa vilitengeneza diski zenye tabaka la dhahabu, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Hata hivyo dhahabu hiyo haiiponyi rangi iliyo chini yake. Chukua DVD iliyokaa miaka mingi kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana, uiinue kwenye mwanga: mara nyingi utaona mzunguko uliopauka pembezoni, na ukiicheza, picha hukwama karibu na mwisho, kwa sababu data huandikwa kuanzia katikati kwenda nje na sehemu ya mwisho ndiyo hukaa ukingoni.

BD-R zilizo bora hutumia tabaka lisilo la kikaboni, aghalabu la aloi ya metali, ambalo halipauki kwa mwanga kama rangi. Hizi huitwa HTL (kifupi cha Kiingereza cha “high to low”, juu kwenda chini), kwa kuwa sehemu iliyochomwa huakisi mwanga kidogo kuliko sehemu tupu. Kuna aina nyingine, LTH, ambayo ni kinyume chake. Ilibuniwa ili viwanda vya DVD viweze kuitengeneza kwa gharama nafuu, na imerudi kwenye rangi ile ile ya kikaboni. Ukiona herufi LTH kwenye boksi, liache dukani hata kama bei inavutia. Ukigeuza diski, HTL kwa kawaida huwa na weusi wa kijivu au kahawia, ilhali LTH huelekea kuwa ya dhahabu.

Kati ya zinazopatikana, ninayoipendekeza kwanza ni BD-R ya Verbatim ya gigabaiti 25 yenye maandishi ya MABL, jina la tabaka lake la metali. Diski moja ina nafasi inayozidi DVD tano za gigabaiti 4.7. Zipo za gigabaiti 50 na 100, lakini tabaka zikiwa nyingi uchomaji huhitaji usahihi zaidi, na diski moja ikiharibika unapoteza vingi kwa mara moja.

Kuhusu M-DISC, aina ya diski iliyobuniwa na kampuni ya Millenniata ya Marekani na kutangazwa kuwa itadumu miaka 1,000, sikitumii kigezo hicho kuamua. Makadirio ya aina hiyo hutokana na kuziweka diski katika joto na unyevu mkali, kwa mfano nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, kisha kupiga hesabu. M-DISC ya DVD ina thamani ya kweli, kwa kuwa iliondoa rangi ya kikaboni kabisa, lakini kuichoma kunahitaji draivu (kifaa cha kusoma na kuchoma diski) yenye nembo yake. Kwa upande wa Blu-ray tofauti ni ndogo, maana hata HTL ya kawaida haina rangi hiyo. Tena wanunuzi wa nchi nyingine wameonyesha kwamba baadhi ya M-DISC mpya zina msimbo wa kiwanda ule ule wa BD-R za kawaida za Verbatim. Kwa bei yake, ni afadhali kununua HTL mbili.

Msimbo huo ndio shahidi mkuu wa mnunuzi. Kila diski tupu imeandikwa ndani jina la kiwanda, na programu kama ImgBurn husoma jina hilo kabla ya kuchoma chochote. Niliwahi kuletewa mzigo kutoka duka moja, lenye chapa kubwa kwenye boksi, ilhali msimbo ulitaja kiwanda kingine kabisa. Chapa huuzwa na kuhama: biashara ya Verbatim yenyewe sasa iko chini ya CMC Magnetics ya Taiwan, iliyoinunua kutoka Mitsubishi Chemical, na Taiyo Yuden ya Japani, iliyosifika sana kwa CD-R na DVD-R, iliacha kazi hiyo mwaka 2015. Kwa hiyo nunua diski moja au chache, soma msimbo, ndipo uagize boksi zima. Anayeagiza Kariakoo aombe mzigo usikae kwenye buti la basi mchana kutwa.

Uchomaji ufanywe kwa kasi ya wastani. Kwa kasi ya 4x diski ya gigabaiti 25 huchukua takriban dakika 23, muda unaotosha umeme kukatika na diski kuharibika, hivyo tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa. Baada ya hapo ruhusu programu isome tena kila faili na kuilinganisha na ya awali. Hatua hii isirukwe kwa sababu yoyote. Programu ya dvdisaster nayo huweza kuongeza data ya marekebisho, ili mikwaruzo michache isiangushe faili zima.

Hali ya hewa ya Dodoma inatusaidia kwa upande mmoja. Mwongozo uliotolewa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2003 unashauri nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50, na ukavu wetu wa kuanzia Mei hadi Novemba hupunguza tatizo la unyevu linalowasumbua watu wa pwani. Joto la chumba chenye paa la bati lisilo na dari ndilo adui, pamoja na vumbi la upepo wa Julai na Agosti. Vumbi ni hatari zaidi kwa Blu-ray, kwa kuwa tabaka la data liko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa. Kila diski ikae wima ndani ya kasha lake gumu, kabatini, mbali na dirisha, na futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Stika za karatasi usibandike. Andika kwa kalamu ya wino wa maji kwenye duara la katikati lisilo na data.

Jambo la mwisho ni draivu. Sony ilisitisha utengenezaji wa Blu-ray za kurekodia mwezi Februari 2025, na kompyuta mpya nyingi hazina tena sehemu ya kuingizia diski. Anayenunua diski sasa anunue pia draivu ya nje ya USB ya akiba, aitunze ndani ya kasha lake, na kopi ya pili ya diski zake aipeleke kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine, kwa mfano Singida au Iringa.