Kliniki ndogo ya presha mtaa wa Langoni, Lamu: miezi saba ya kumpeleka mama

Kwa muda wa miezi saba nimekuwa nikimleta mama yangu kutoka Matondoni hadi kliniki ndogo ya presha iliyoko mtaa wa Langoni, juu ya duka la vitambaa, katika uchochoro ambao punda wawili wenye mizigo hawapishani. Naandika kwa sababu jamaa wengi huniuliza kama inafaa, na kwa sababu kazi wanayoifanya pale, ya kumtafutia kila mgonjwa dawa inayouafiki mwili wake yeye, sikuwa nimeikuta popote katika miaka sita ya mama kuishi na presha.

Kabla ya hapo alikuwa akitibiwa mahali pengine ambapo sitapataja. Huko aliandikiwa kidonge cha presha kiitwacho enalaprili, na wiki chache baadaye akaanza kukohoa kikohozi kikavu kilichomwamsha usiku. Alipewa dawa ya maji ya kifua, kisha viuavijasumu, kisha akapigwa picha ya kifua ambayo haikuonyesha kitu. Nasi nyumbani tukamchemshia tangawizi, tukamkanda kwa mafuta. Katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza anameza kidonge gani cha presha. Mama mwenyewe, alipochoka, akawa anameza siku mbili na kuacha siku tatu, na kila alipopimwa akaambiwa kwamba yeye ni mkaidi.

Siku ya kwanza Langoni, afisa tabibu alimwamkia, akamwomba amwage mezani kila kidonge alichokuwa nacho nyumbani, hata kile alichopewa na jirani. Vilitoka vya enalaprili, vya tumbo, na pakiti ya daiklofenaki aliyokuwa akinunua dukani kwa ajili ya magoti. Kisha yakafuata maswali, na hapo ndipo nilipoona tofauti: kama ana pumu, kama amewahi kuugua jongo, kama ana sukari, kama miguu huvimba jioni, kama anakula ng'onda na achari kila siku au mara moja moja. Aliposikia habari ya kikohozi alisema, "Mama, hiki si cha kifua, ni cha kidonge," na akatueleza sababu yake. Enalaprili huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ya kukaza mishipa, na kwa hiyo presha hushuka. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunjavunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini, ambayo ikirundikana huwatekenya baadhi ya watu njia ya hewa. Daiklofenaki nayo alimwondolea siku ile ile, kwa kuwa dawa za maumivu za aina hiyo huweza kupandisha presha na kudhoofisha kazi ya vidonge vinavyoishusha.

Upimaji wao unastahili kusemwa kwa urefu kidogo, maana dawa haiwezi kulinganishwa na mtu ikiwa kipimo chenyewe ni cha uongo. Hawampimi mtu akiwa bado anahema kwa kupanda ngazi. Mama aliketishwa dakika tano kamili, mgongo ukiegemea, nyayo zikigusa sakafu, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na akaombwa asizungumze. Walimtafutia mkanda mpana, kwa sababu mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Walipima mikono yote miwili, wakarudia, wakaandika 168 kwa 96, yaani kipimo cha juu na cha chini.

Enalaprili ilisimamishwa, akaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5 mara moja kwa siku. Niliuliza kwa nini hiyo, nikitarajia kuambiwa kwamba ndiyo iliyopo kabatini. Tabibu alinijibu kwamba wagonjwa wa huku kwetu wana mahali pazuri pa kuanzia, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika ikiwemo Kenya kwa wagonjwa 728, ulionyesha kwamba michanganyiko ya dawa mbili yenye amlodipini ndani yake ilishusha presha zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Akaongeza kwamba huo ni wastani wa watu wengi, na mama si wastani. Watafiti wa Uswidi waliwapa watu 280 dawa nne tofauti kwa zamu, na katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 waliona kwamba mtu mmoja hushushwa vizuri na dawa ambayo kwa mwenzake haina nguvu kama hiyo. Kumchagulia kila mtu iliyo bora kwake kungeweza kumshushia kipimo cha juu kwa takriban milimita 4.4 za zebaki zaidi, kwa wastani. Kwa maneno yake, amlodipini ilikuwa swali, na jibu litatoka kwa mama baada ya wiki nne.

Jibu lilikuja la pande mbili. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, na mama alikuwa amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Presha ilikuwa 150 kwa 88. Lakini viatu vilikuwa vimeanza kumbana jioni, kwani amlodipini huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, na uvimbe huongezeka kipimo kinapopandishwa. Ingekuwa rahisi kumpa miligramu 10 na kumwita anayefuata. Badala yake walimtuma akapimwe damu, figo na potasiamu, na majibu yalipokuwa mazuri wakamwongezea losartani ya miligramu 50, inayofuata njia ile ile ya enalaprili lakini bila kuigusa bradikinini, na ambayo pia hupunguza uvimbe huo wa miguu. Mwezi uliopita alipimwa 132 kwa 80, na viatu vinamwingia.

Dada yangu mwenye umri wa miaka 31, ambaye presha yake iligunduliwa hapo hapo alipomsindikiza mama, hakupewa losartani ingawa aliiomba kwa kuwa ilimfaa mama. Aliulizwa kwa faragha kama anatarajia kupata mtoto, akasema ndiyo, akaambiwa wazi kwamba losartani na enalaprili humdhuru mtoto tumboni na kwamba zipo dawa nyingine, kama methildopa, zilizotumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Swali hilo moja tu lingetosha kunifanya niisifu kliniki hii. Ni wangapi kati yetu waliomegeana vidonge vya presha na ndugu zao kama wanavyomegeana mkate wa mofa?

Kabla ya Ramadhani pia walituita, bila sisi kuuliza. Kidonge cha amlodipini hufanya kazi mchana na usiku, kwa hiyo mama alikihamishia wakati wa kufuturu. Jirani yetu anayetumia haidroklorothiazidi, dawa ya kukojoza, alionywa asiimeze wakati wa daku akashinda na kiu juani.

Kasoro zipo, na baadhi ni kubwa. Chumba cha tabibu kimetengwa na benchi la kungojea kwa pazia tu. Dada yangu alipelekwa chumba cha dawa ili aulizwe swali lake, lakini wengine hawapati heshima hiyo, na mimi nimesikia habari za pumu ya mzee mmoja, na sababu ya kunyimwa dawa ya presha iitwayo atenololi, ambazo hazikunihusu hata kidogo. Mlango wa mbao haugharimu mali nyingi katika mji wenye mafundi kama wetu. Maabara hawana, hivyo damu hupimwa kwingine kwa malipo mengine, na malipo hayo yalizidi shilingi 500 tulizotoa kumwona tabibu. Mara mbili losartani ilikuwa imekwisha. Mara ya pili tuliipata kwenye duka la dawa ikiwa na rangi na umbo jingine, mama akakataa kuimeza, na ikanilazimu kurudi naye ili sista amsomee jina lililo kwenye pakiti zote mbili, neno kwa neno, ndipo akakubali.

Kliniki hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi pekee, na namba hutolewa kwa anayefika mwanzo. Kwa sisi wa Matondoni hilo linavumilika. Kwa wanaotoka Faza na Siyu, kisiwani Pate, halivumiliki, kwa sababu boti zao hupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa, na mgonjwa anayepata namba ya ishirini huona maji yakitoka huku bado yumo benchini. Nimewaandikia kwenye daftari lao la maoni kwamba wanaovuka bahari waonwe kwanza. Sista alisoma mbele yangu, akasema atalifikisha kwenye kikao. Mama anarudi Alhamisi ya wiki ijayo, nami nitauliza limefikia wapi.