Unga wa NBT: njano inayogeuka buluu

Unga huu wa rangi (nitroblue tetrazolium) nimeutumia miezi mitatu maabara kupima neutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazoua vijidudu, za watoto wenye majipu yasiyokoma. Ukitia PMA (kemikali ya kuchokoza seli) kwenye seli, kimeng'enya protini kinase C kinaamka, kinaipachika fosfati p47phox, ambayo ni kipande kimoja cha kimeng'enya NADPH oksidesi, vipande vya oksidesi hiyo vinaungana kwenye utando, na oksijeni inakuwa supaoksaidi, aina ya oksijeni kali. Hapo ile njano ya NBT inageuka chembe za buluu iliyokoza. Raha kuitazama kwa hadubini, jamani! Seli zikigoma kubadilika huku za mtu mwenye afya zimebadilika, shuku ugonjwa sugu wa granuloma, ule wa kurithi ambao neutrofili hushindwa kutengeneza supaoksaidi.

Kasoro: lebo haikusema uwekwe gizani, chupa ya kwanza ikaniharibikia dirishani. Tena kuhesabu seli mia kwa jicho kunachosha. Kipimo cha DHR (rangi nyingine, inayong'aa) ni bora, ila kinataka saitomita, mashine ya kuhesabu seli, nasi hatuna. Nyota nne.